Siri zifichwe kabla hazijapanda wingu

Mstari mmoja wa logi unaweza kusomeka hivi: saa 4:12:07 asubuhi, ujumbe umeshindwa kufika, kisha namba ya simu inayoanza na 255, namba ya NIDA yenye tarakimu 20, anwani ya ndani ya mfumo yenye maneno "ctc/miadi", na mwishoni maneno yenyewe yaliyokuwa yatumwe, kwamba mhusika afike kliniki Jumatano akiwa na kadi yake. Mstari huo ni wa mfano, umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini kila fundi wa mifumo aliyewahi kukesha akitafuta hitilafu amekutana na ndugu zake. Hakuna mtu aliyekaa akauandika. Programu huuandika yenyewe kwa kufumba na kufumbua, kama nahodha anavyojaza batli ya safari: tumeng'oa nanga saa ngapi, upepo umevuma kutoka wapi, tanga limechanikia wapi. Tofauti ni kwamba batli hukaa chomboni. Logi za programu za siku hizi hupanda wingu, yaani huenda kuhifadhiwa kwenye kompyuta za kukodi zilizoko Cape Town, Johannesburg, Ireland au kwingineko, zikakaa huko miezi na hata miaka, na zikasomwa na watu ambao mwenye ile namba ya simu hatawajua maisha yake yote.

Hoja ya makala haya ni moja. Taarifa nyeti za watu zifichwe pale pale programu inapotaka kuziandika, kabla mstari haujatoka kwenye seva, na zifichwe kwa barakoa iliyokatwa kwa vipimo vya hapa kwetu. Nyingi tunazoletewa zikiwa zimeshashonwa zilipimwa kwenye nyuso za wengine. Na kama kuna mikoa isiyopaswa kungoja mwingine aanze, basi ni Mbeya na Iringa.

Sababu ya kwanza inajulikana na kila mtumishi wa afya wa Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 ulionyesha kuwa kiwango cha maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Iringa ilikuwa na asilimia 11.1, Mbeya asilimia 9.6, na jirani yao Njombe asilimia 12.7. Kwa lugha nyepesi, katika mikoa hii karibu mtu mzima mmoja kati ya kila kumi ana sababu ya kuwa na faili kwenye kliniki ya CTC, yaani ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda usiri wa majibu ya vipimo, na vituo vimejijengea nidhamu ya miaka mingi: kadi ya CTC 1 hukaa na mgonjwa, fomu ya CTC 2 hubaki kituoni, kabati hufungwa na ufunguo una mwenyewe. Namba ya CTC yenyewe imejengwa kwa msimbo wa mkoa, wilaya na kituo, ndipo inafuata namba ya mgonjwa. Haihitaji jina pembeni yake ili iseme jambo, kwa kuwa kuwa nayo tu ni habari tosha. Sasa fikiria namba hiyo ikiwa ndani ya logi, kwenye folda ambayo mtengeneza programu aliyeacha kazi mwaka juzi bado ana nywila yake. Nidhamu yote ya kabati imepitiwa kwa mlango wa nyuma, na hakuna muuguzi aliyekosea.

Ya pili ni ukubwa wa miji yenyewe. Tukuyu, Mafinga, Kyela na Ilula si Dar es Salaam. Ukimpa mtu jina la ukoo, kata na mwaka wa kuzaliwa, hahitaji upelelezi. Anaweza kukuonyesha nyumba. Wala hatuzungumzii hospitali peke yake. Mkulima wa Mbarali au Kilolo anayenunua mbolea ya ruzuku amesajiliwa kidijitali tangu mpango huo uanze msimu wa 2022/2023. Abiria wa basi la Mbeya kwenda Dar hukata tiketi mtandao kwa jina na namba ya simu. Wanachama wa vyama vya ushirika vya AMCOS na SACCOS hulipwa na kukopa kupitia simu. Kila moja ya mifumo hiyo ina logi, na kila logi ina tabia moja: mfumo ukiwa mzima huandika machache, lakini ukiugua huweweseka kama mwenye homa kali, ukataja kila kilichokuwa kichwani mwake wakati huo.

Hapo ndipo siri nyingi hutoka, na ndiyo maana wakuu wa taasisi hawazioni. Hakuna mtengeneza programu mwenye akili timamu anayeandika amri ya kusema "weka namba ya siri ya mteja kwenye logi". Anachoandika ni amri ya kusema: ombi likigoma, niwekee ombi zima nilione. Ndani ya ombi zima mna jina, simu, NIDA, kiasi cha mkopo na pengine nywila. Au ameacha kiwango cha logi kilekile alichokitumia wakati wa majaribio, kile kinachoandika kila kitu, na mfumo ukaingia kazini hivyo hivyo. Pengine hakuandika lolote. Seva za Nginx na Apache, ambazo huendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani, kwa mpangilio wake wa kawaida huandika anwani nzima ya kila ombi pamoja na yote yanayofuata alama ya kuuliza. Ukijenga ukurasa unaotafuta mgonjwa kwa kuweka namba ya NIDA kwenye anwani, umeshaipeleka namba hiyo kwenye logi bila kuandika mstari hata mmoja wa kuipeleka. Tena angalia mfano tulioanza nao. Ukifuta simu na NIDA, bado "ctc/miadi" na maneno ya ujumbe yamebaki, nayo yanatosha kumfichua mtu iwapo mstari uliotangulia unataja kifaa chake.

Sasa tuje kwenye barakoa zenyewe. Desturi ya kuficha namba ilienea kutokana na kadi za benki. Kanuni za kimataifa za kampuni za kadi huruhusu kuonyesha tarakimu sita za mwanzo na nne za mwisho; za katikati zifichwe. Kwa kadi, hilo lina maana, kwa sababu tarakimu za mwanzo humtambulisha mtoaji wa kadi wala si mteja. Chukua kanuni hiyo uibandike kwenye namba ya NIDA. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na tano zinazofuata hufuata msimbo wa posta wa eneo, ambapo 53 ni Mbeya na 51 ni Iringa. Ukiacha sita za mwanzo wazi umetaja mwaka na mwezi aliozaliwa mtu. Ukiacha kumi, umetaja na mkoa wake. Nyota zilizojazwa katikati zinampendeza mkaguzi, lakini aliyefichwa ni nusu mtu.

Namba ya simu ni hatari zaidi, kwa sababu wengi huiona kama kitu kisicho na jina. Mara nyingi utasikia ikisemwa kwamba majina yameondolewa, zimebaki namba za simu tu. Lakini yeyote anayetuma pesa kwa simu nchini anajua kwamba ukiingiza namba na kiasi, kabla hujathibitisha, jina la mpokeaji hutokea kwenye kioo. Ni utaratibu mzuri, umewaokoa wengi kutuma pesa kwa mtu asiye wao. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, jina hilo linatoka kwenye kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo Tanzania, namba ya simu ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Logi iliyobakiza simu imebakiza kila kitu.

Wapo waliopiga hatua, wakasema: sisi hatuandiki namba, tunaandika hashi yake, yaani ule mlolongo wa herufi na tarakimu ambao hauwezi kurudishwa nyuma ukawa namba tena. Ni kweli haurudi nyuma, lakini hauna haja ya kurudi. Namba za simu za mkononi hapa nchini huanza na 6 au 7 baada ya 255, kisha zinafuata tarakimu nane. Jumla ya namba zote zinazowezekana ni milioni 200. Kompyuta mpakato ya kawaida inaweza kutengeneza hashi za namba zote hizo kwa dakika chache, ikaziweka kwenye jedwali, halafu ikatafuta iliyo kwenye logi yako ni ipi. Anayetaka kinga ya kweli atumie hashi yenye ufunguo wa siri, na ufunguo huo ukae mbali na mahali logi zinakohifadhiwa, ubadilishwe kila baada ya muda. Bila ufunguo, hashi ya namba ya simu ni pazia la kitambaa chepesi: aliye nje akisogea anaona ndani.

Kampuni za wingu nazo zina vifaa vya kuficha, na baadhi ya wakuu wa idara huamini kwamba kwa kuvilipia wamemaliza kazi. CloudWatch ya Amazon, kwa mfano, iliongeza uwezo huo mwishoni mwa 2022. Ni kifaa kizuri na hakidharauliki. Lakini ujue kinavyofanya kazi. Mstari huingia ukiwa mzima, unahifadhiwa ukiwa mzima, kisha anayeusoma anaonyeshwa nyota badala ya namba, isipokuwa aliyepewa ruhusa ya kuona asili. Tena kinafunika kile tu kilichoingia baada ya sera kuwekwa. Cha jana kinabaki kama kilivyokuwa. Na vitambulisho ambavyo kifaa kinavitambua chenyewe ni vya nchi ambazo zina wateja wengi wa huduma hizo: Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na nyingine za aina hiyo. Ili kiitambue NIDA au namba ya CTC, lazima mtu akae aandike kanuni yake. Hakuna mhandisi wa Amazon atakayekuja kuiandika kwa niaba ya zahanati ya Rungwe. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi hii ifanywe hapa, ndani ya programu, na vifaa vya wingu viwe wavu wa pili wa kunasa kilichoponyoka.

Sheria nayo ipo upande huu. Ibara ya 16 ya Katiba imelinda faragha ya mtu muda mrefu kabla ya wingu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa kiasi kinacholingana na lengo na zisikae kupita muda unaohitajika. Imeziweka taarifa za afya, za watoto na za miamala ya fedha kwenye kundi la taarifa nyeti, na imeweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kampuni inayozitoa kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini inayofika shilingi bilioni 5. Pima logi kwa vigezo hivyo. Lengo lake ni kujua mfumo umekwama wapi, na kwa lengo hilo jina la mgonjwa halina kazi. Mfumo unaopeleka logi Cape Town kila dakika umesafirisha taarifa nje ya nchi kila dakika, hata kama kanzidata yenyewe iko Kijitonyama. Na mwananchi akitumia haki yake ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, taasisi itazifuta kwenye kanzidata na kusahau nakala zake zilizotawanyika kwenye logi za miezi yote iliyopita.

Upinzani mkubwa hutoka kwa mafundi wenyewe, na hauna ubaya ndani yake. Wanasema: mteja akipiga simu kutoka Uyole kwamba pesa imekatwa na haijafika, tutamsaidiaje kama logi haimtaji? Swali ni la haki, kwa sababu mfumo usiotengenezeka nao unaumiza watu. Lakini tazama fundi anachohitaji hasa. Anahitaji kujua kwamba mtu yule yule amekwama mara tatu, kwenye hatua ile ile, kwa sababu ile ile. Hahitaji kujua ni nani. Mstari wetu wa mwanzo ungeweza kuandikwa hivi: saa 4:12:07 asubuhi, ujumbe umeshindwa kufika, mpokeaji 7f3a9c, sababu mtandao wa simu haukujibu, jaribio la 3. Kila kinachohitajika kutengeneza kimo humo. Lile 7f3a9c ni lakabu iliyotokana na namba ya simu na ufunguo wa siri. Mteja akipiga, mhudumu mwenye ruhusa anaingiza namba yake, mfumo unakokotoa lakabu, na historia yake yote inajitokeza, huku ukiacha kumbukumbu kwamba mhudumu fulani ameifungua saa fulani. Msaada haujapungua hata kidogo, na mtengeneza programu aliyeko mbali anarekebisha kosa bila kujua ni kliniki ya nani.

Wengine husema logi zao husomwa na watu wa ndani tu. Dunia imeshalijibu hilo. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wafikirie kubadili nywila, kwa sababu hitilafu ilikuwa imeziandika waziwazi kwenye logi ya ndani kabla hazijafichwa. GitHub ilikuwa imetoa tangazo la aina hiyo siku chache kabla. Machi 2019 Facebook ikakiri kwamba nywila za mamia ya mamilioni ya watu zilikuwa zimehifadhiwa zikisomeka kwenye mifumo yake ya ndani. Ilisema haikuona ushahidi kwamba kuna aliyezitumia vibaya, na bado Septemba 2024 msimamizi wa ulinzi wa taarifa wa Ireland aliitoza Meta, kampuni mama ya Facebook, faini ya euro milioni 91. Hizo ni kampuni zenye maelfu ya wahandisi. Kwetu, "watu wa ndani" ni pamoja na mkandarasi aliyejenga mfumo, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na kundi la WhatsApp ambamo picha ya kioo hutumwa usiku ikiwa na maneno "wakuu, kosa hili ni nini?" Picha hiyo haifutiki kwenye simu za watu kumi na watano.

Upinzani wa tatu ni wa ushahidi: matapeli ni wengi, na tukificha kila kitu polisi na Benki Kuu watafuatilia nini? Jibu ni kwamba kumbukumbu za miamala lazima zitunzwe, na mahali pake ni kanzidata yenye ulinzi, yenye orodha ya wanaoifungua na muda wa kuitunza. Anayefananisha hiyo na logi ya hitilafu anachanganya daftari la mahakama na karatasi za kufutia ubao. Tumeona pia taarifa za watu zinavyofanywa silaha zikizagaa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, baada ya malalamiko mengi yakiwamo ya wakopaji ambao ndugu na marafiki wao walipigiwa simu na kudhalilishwa. Silaha hiyo ilikuwa orodha ya namba za simu, kitu kile kile tunachokiacha kwenye logi kwa kukosa uangalifu.

Kuhusu gharama sina maneno mengi. Huduma za logi hulipiwa kwa ukubwa wa kinachoingia, kwa hiyo mfumo unaoandika sehemu zilizoruhusiwa tu, badala ya kumwaga ombi zima, unapunguza ankara. Kanuni za kutambua NIDA, simu na namba ya CTC hazizidi ukurasa mmoja wa programu, na zikishaandikwa mara moja zinaweza kutumiwa na kila mfumo. Orodha iwe ya vinavyoruhusiwa kuandikwa, isiwe ya vinavyokatazwa, kwa sababu kwenye mfumo mmoja sehemu ya jina huitwa "jina", mwingine "mteja", mwingine "mhusika", na mwenye orodha ya makatazo hatamaliza kuyataja yote. Ugumu uliopo ni wa mazoea, na mazoea hujengwa vyuoni. Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha pale Iringa hufundisha sheria na hufundisha teknolojia ya habari. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinatoa mafundi kila mwaka. Mwanafunzi asipewe alama kamili za mradi wake wa mwisho kama logi yake inataja watu. Na mganga mkuu au meneja wa SACCOS anaponunua mfumo, aweke sharti hilo kwenye mkataba, na aombe aonyeshwe logi kabla hajasaini malipo ya mwisho.

Kwa wewe unayesimamia mfumo wowote Mbeya, Iringa au kwingineko, ombi langu ni dogo. Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, mwombe fundi wako afungue logi ya jana. Atafute 255. Kisha atafute mlolongo wa tarakimu 20 unaoanza na 19 au 20. Kisha neno "jina". Ukikuta hata mstari mmoja, kaeni nao mjue ulitoka sehemu gani ya programu, mrekebishe hapo, ndipo mrudi kufuta nakala zake zilizokwisha kwenda wingu.